Vyuma Vyangu vya Kufungulia Kufuli

Hasira ndiyo iliyonipeleka kutafuta vyuma vya kufungulia kufuli. Watu hupenda kusema walianza ufundi wao kwa wito au kwa ndoto. Mimi nilianza kwa kukereka. Nina duka dogo Bugene, nauza misumari, bawaba, vitasa na makufuli, na kila msimu wa kahawa watu walewale walikuwa wanarudi kwangu kununua kufuli lilelile. Ufunguo umepotea shambani, kufuli limekatwa kwa msumeno, lete jingine. Mzee mmoja wa Bweranyange alinunua makufuli ya stoo yake mpaka nikamuuliza, "Baba, hiyo kahawa unailinda na wezi au unailinda na wewe mwenyewe?" Akacheka, akanunua.

Duka lilikuwa linafaidika, sikatai. Lakini kufuli zima, lisilo na kosa lolote, kukatwa kama gogo kwa sababu tu ufunguo umedondoka kwenye migomba, jambo hilo lilikuwa linaniuma. Siku moja nikachukua kufuli lililokwisha kukatwa, nikalipasua mpaka ndani nione kuna nini. Nikakuta pini ndogondogo zimejipanga mstari mmoja, kila moja na springi yake, hakuna inayolingana na mwenzake. Kazi ya ufunguo ni kuziinua zile pini, kila moja mpaka kimo chake, ndipo silinda izunguke. Basi. Hakuna uchawi humo. Nikasema kama ni kuinua tu, hata mimi nina mikono.

Tunaishi kwa wazazi wa mume wangu, mwendo mfupi kutoka dukani, nyumba yetu iko pembeni mwa nyumba ya mama mkwe na migomba imetuzunguka sote. Mama mkwe ni mwanamke wa kanisa. Anaimba kwaya ya akina mama, anasimamia usafi wa kanisa, na akikohoa tu watu wazima wananyamaza. Nilipomweleza kwamba nataka kujifunza kufungua makufuli bila ufunguo, aliweka kikombe chini polepole.

"Unataka kujifunza kazi ya mwizi," alisema.

"Ya fundi, Mama."

"Anayefungua mlango bila ufunguo anaitwa mwizi. Hapa kwetu hatuna jina lingine. Vyuma hivyo visilale katika mji wangu, mwana wange. Silei wajukuu kwa sifa ya wizi."

Nilimtazama mume wangu anisaidie. Akasema kesho ana kazi ya kukata majani ya migomba, akaenda kulala. Huyo ndiye niliyeolewa naye, na ninampenda hivyohivyo.

Basi nikajua tatizo langu halikuwa kufuli. Kufuli ningeliweza. Tatizo lilikuwa jina. Katika vijiji vyetu jina likishakuharibikia, hata ukihamia Rubwera litapanda basi likufuate. Nilitaka kuitwa fundi, na nilitaka mama mkwe awe wa kwanza kuniita hivyo, kwa sababu yeye akisema, wengine wote wamesema. Nilikuwa tayari kungoja, ingawa kungoja si tabia yangu.

Kabla sijanunua hata kipande kimoja nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia waziwazi ninachotaka kufanya na nitakavyofanya: sitafungua kufuli ambalo mwenyewe hayupo, sitafungua bila jirani kushuhudia, na kufuli likishalegea mwenyewe ndiye atakayeliondoa kwa mkono wake. Mwenyekiti alinisikiliza akikuna kidevu. Akasema hajawahi kuona mtu anakuja kujishtaki kabla ya kosa. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja mapema, nikikawia mtanishtaki ninyi.

Vyuma vyenyewe nilivifuata Rubwera. Huko kuna fundi wa funguo mwenye kibanda karibu na mahali zinapoegeshwa basi ndogo, anachonga funguo za pikipiki na za ofisi, na tuliwahi kuuziana vitasa. Nilimpigia simu, akaniambia ana seti mbili zimemfikia kutoka Uganda, nije nichague. Asubuhi ya safari niliweka makufuli matatu kwenye kikapu, yale ambayo watu wa kwetu wananunua zaidi: dogo la shaba la sanduku, la kati la stoo ya kahawa, na kubwa la chuma la geti. Nikafunika na kitenge nikaondoka.

Seti ya kwanza aliyonitolea ilikuwa pochi kubwa nyeusi yenye zipu. Ukiifungua, vyuma vimejaa pande zote mbili, vyote vimevalishwa mpira mwekundu kwenye mpini, na katikati kuna kufuli la kujifunzia la plastiki linaloonyesha pini zake ndani. Lazima niseme ukweli, ilipendeza. Hata wateja wengine pale kibandani walisogea kuangalia. Seti ya pili ilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa. Ndani yake mna vyuma vichache vitupu, visivyo na mpira: ndoano fupi, ndoano ndefu kidogo, kimoja chenye mawimbi mawimbi ambacho fundi anakiita reki, na vipande vyembamba vilivyopindwa pembeni, vya kukazia. Vya kukazia ndivyo vinavyoisukuma silinda kidogo wakati mkono mwingine unainua pini. Bila hivyo utachokonoa mpaka Krismasi.

"Wewe ndiyo kwanza unaanza," fundi alisema, akinisogezea ile pochi nyeusi. "Anayeanza anahitaji vingi. Hiki kikishindwa unajaribu kile, kile kikishindwa unajaribu kingine. Hata mimi nilianza na seti kubwa."

Mteja mmoja akaunga mkono. Mwingine, mtumishi wa serikali kwa jinsi alivyochomekea shati, akasema kama mtu anatoa hela ni bora achukue kinachojaza mkono. Wanaume watatu wananichagulia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nakwenda kufungua nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikasema moyoni, na hii pochi inajitembeza mno.

Nikatoa makufuli yangu kwenye kikapu, nikayapanga mezani kwake. Wakacheka. Sikuwajali. Nikachukua kikazio cha ile seti kubwa, nikakiingiza kwenye tundu la kufuli la shaba. Kikaingia kwa shida na kikajaza tundu lote, hapakubaki nafasi ya ndoano kupita. Nikajaribu kingine, kipana vilevile. Vyote vilikuwa vimekatwa kwa kipimo kimoja, kana kwamba dunia nzima inafunga milango mikubwa tu. Nikachukua ndoano yenye mpira mwekundu, nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ikapinda, na haikurudi. Fundi akanitazama kwa jicho baya, nami nikamtazama vilevile.

Kisha nikajaribu vile vya kwenye ngozi. Kikazio chembamba kilikaa ukingoni mwa tundu na kuiacha njia wazi. Ndoano fupi ikapita juu yake. Nikaibonyeza kwa gumba nayo, ikapinda, nilipoachia ikarudi ilivyokuwa. Kingo zake zilikuwa zimesuguliwa, hazikwaruzi. Na kwa vile mpini ulikuwa chuma kitupu, nilipogusa pini ya kwanza nilihisi ile springi ikinisukuma kidoleni. Kwenye ule mpira mwekundu sikuwa nimehisi kitu. Nilisisimka, nakumbuka, mpaka nikajikuta natabasamu peke yangu mbele ya watu.

"Nachukua hii," nikasema.

"Hiyo ina vyuma vichache," fundi akasema. "Utarudi."

Nikamwambia, "Kaka, mama yangu alinifundisha shamba la migomba kwa muhoro mmoja. Ule ule mundu alipunguzia majani, alikatia mkungu, alipalilia machipukizi. Mwanamke akiingia shambani na visu kumi, kwetu tunajua hajui kulima."

Yule wa shati la kuchomekea akacheka sana safari hii, lakini akiwa upande wangu. Fundi naye akanyoosha mikono juu. Akanikunjia ile ngozi, na kwa ukarimu, ninamshukuru mpaka leo, akaniongezea kikazio kingine chembamba zaidi kutoka kwenye vyake mwenyewe. "Hiki cha masanduku," alisema. "Mimi masanduku siletewi."

Vile vyuma havikulala katika mji wa mama mkwe. Nilivifungia dukani, na dukani ndiko nilikojifunza, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja na saa za mchana jua likiwa kali. Wiki za mwanzo nilikuwa nakaza kwa nguvu zangu zote, kama ninayekamua nguo, na kufuli likikataa nalitukana. Mkamia maji hayanywi. Siku niliyochoka, nikaweka kidole tu juu ya kikazio huku nawaza mambo mengine, kufuli la stoo likafunguka lenyewe mkononi. Nilipiga kelele mpaka jirani anayeuza vitenge akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Nikamfungulia tena mbele yake, na tena. Tangu hapo nilijua: kukaza ni kwa kidole, si kwa bega.

Watu wakaanza kuleta makufuli yao. Mwenye stoo anakuja na jirani yake, nafungua, anaondoa kwa mkono wake, anakwenda. Wengine walinishukuru kwa sauti ndogo, wakiangalia nyuma. Nyumbani hakuna aliyeligusa jambo hilo. Mama mkwe akiulizwa na wenzake wa kwaya nafanya kazi gani, alijibu nauza misumari. Nilimsikia kwa masikio yangu, na iliniuma.

Halafu shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, akaoa. Bibi harusi alitoka Kyerwa, mbele ya Rubwera. Aliletwa jioni kwa nyimbo na vigelegele, na pamoja naye sanduku la bati lililopakwa maua, limefungwa kufuli dogo la shaba. Katika koo zetu sanduku la bibi harusi lina utaratibu wake. Ufunguo anaushika shangazi yake anayemsindikiza, na kabla hajaondoka anamkabidhi bibi harusi mbele ya wanawake wa nyumba. Asubuhi ya kwanza bibi harusi anafungua sanduku, anatoa kitenge alichokuja nacho na kumvisha mama mkwe. Kabla hajafanya hivyo hagusi jiko wala hatoki chumbani. Ni mgeni bado.

Shangazi huyu alikuwa mcheza ngoma. Alicheza mpaka vumbi likatulazimisha kumwagia uwanja maji, na gari la wasindikizaji lilipopiga honi alikimbilia humo akiwa bado anaimba. Ufunguo uliondoka naye, umefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

Tuligundua asubuhi. Bibi harusi amekaa kitandani na gauni la jana, macho yamemwiva kwa kulia. Simu ya shangazi haipatikani. Na mchana wageni wa kwao walikuwa wanakuja na chakula kuona mtoto wao amepokewaje. Wangemkuta chumbani, hajamvisha mtu, kama mfungwa.

Wanaume wakasikia, wakaja na dawa yao. Mmoja na msumeno, mwingine na nyundo. Mama mkwe akasimama mlangoni akaweka mikono kiunoni.

"Sanduku la mtoto wa watu halivunjwi," alisema. "Wakikuta limevunjwa asubuhi ya kwanza, watakwenda kusimulia Kyerwa nzima kwamba tumempokea mwana wao kwa nyundo. Rudini na vyuma vyenu."

Wakarudi. Wanawake wakabaki wamesimama uani, na nilijua wote wananifikiria mimi, maana kila mmoja alikuwa anaangalia kila mahali isipokuwa nilipokaa. Nilikuwa namenya ndizi za mchana. Niliendelea kumenya. Mnisamehe, lakini sikujipeleka. Jina langu lilikuwa limefichwa nyuma ya misumari muda mrefu, na mwenye kulitoa alikuwa mtu mmoja tu pale.

Nilimwona miguu kwanza, kisha upindo wa kitenge chake cha kazi. Alisimama mbele ya beseni langu.

"Vile vyuma vyako viko wapi?"

"Viko dukani, Mama. Ulikataza visilale hapa."

"Nilikataza kulala. Mchana sikusema. Vifuate."

Nilinawa mikono, nikadandia bodaboda kwenda Bugene na kurudi. Nilipoingia chumbani na ile ngozi mkononi, wanawake walikuwa wamejaa mpaka ukutani. Nikishindwa hapa, nilijua, nitakuwa mwizi ambaye hata kuiba hawezi.

Nikapiga magoti mbele ya sanduku. Kabla sijagusa, nikamgeukia bibi harusi.

"Mdogo wangu, kufuli hili ni la nani?"

"Langu, dada."

"Unaniruhusu nilifungue mbele ya hawa?"

"Nakuruhusu."

Tundu lilikuwa jembamba kuliko la makufuli ninayouza. Kikazio changu cha kawaida kilikaba njia. Nikatoa kile cha yule fundi wa Rubwera, chembamba kabisa, nikakiegesha ukingoni, na ndoano fupi ikapita. Nikaanza na pini ya nyuma. Ilinisukuma, ikakataa. Nikahisi bega langu linapanda na mkono unakaza. Nyuma yangu mtu akanong'ona, na mwingine akamnyamazisha. Nikaachia yote. Nikavuta pumzi, nikaweka kidole tena, kwa ncha tu. Nikatafuta ile pini iliyokuwa ngumu kuliko wenzake, nikaiinua taratibu mpaka ikagota. Nikatafuta inayofuata. Ya mwisho ilichelewa, ikateleza, nikaifuata tena, na silinda ikazunguka chini ya kidole changu laini kabisa.

Kufuli likaruka wazi. Sikuliondoa. Nikasogea pembeni, nikamwambia bibi harusi, "Ni lako. Liondoe mwenyewe." Nikageukia ukuta ili nisione ya ndani ya sanduku la mtu.

Vigelegele vilivyopigwa mle chumbani vilinitetemesha. "Kasinge! Kasinge!" walisema, ndiyo hongera ya kwetu, nami nilikuwa nimekodolea ukuta machozi yakinilenga. Nilipogeuka, bibi harusi alikuwa amemvisha mama mkwe kitenge kipya, cha rangi ya majani ya migomba, na mama mkwe amesimama wima kama anayepigwa picha. Hakunisemesha. Alisema tu chai iwekwe jikoni, na bibi harusi ndiye aende kuiweka.

Wageni wa Kyerwa walikuja mchana na vikapu vyao, na shangazi mbele yao, anahema, ufunguo ameunyanyua juu. Alishaanza kuomba radhi tangu barabarani. Kisha akamwona bibi harusi yuko uani, kajifunga kanga, anapakua ndizi, na mama mkwe amekaa ndani ya kitenge kile. Akasimama hapohapo. Uso wake ukabadilika.

"Mmelivunja," alisema.

Akaingia chumbani, nasi tukamfuata. Akalishika kufuli, akaligeuza huku na huku kutafuta alama ya nyundo. Akapitisha kidole kwenye bati. Akaingiza ufunguo wake, akafunga, akafungua, likamtii kama siku liliponunuliwa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amelifungua?"

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, maana mama mkwe alikwishanitangulia. Alisogea mbele, akanyoosha kitenge chake kipya, na kwa sauti ile ya kanisani inayofika mpaka viti vya nyuma akasema, "Ni mkwe wangu, huyu hapa. Ni fundi wa makufuli. Mimi ndiye niliyemwita."

Kisha akaagiza shangazi aletewe kiti na chai. Wageni wakageuka kunitazama, na wale wa kwaya wakanitazama pamoja nao, safari hii machoni. Mtu akaniwekea kikombe mkononi. Nilijivuna, na sioni aibu kusema hivyo. Nilijivuna mpaka chai ikanipoa mkononi, na sikuinywa.